Kile kidoti kwenye simu yako sio satelaiti yenyewe

Kila satelaiti ya zamani inapokaribia kushuka, sisi wa kitengo cha ufuatiliaji tunajua wiki hiyo hakuna kulala, na kinachotukesha sio satelaiti, ni skrinshoti. Mtu anatuma ramani ya dunia yenye kidoti chekundu, kaitoa kwenye apu ya kufuatilia satelaiti, chini ameandika "iko juu yetu sasa hivi, mbona mmekaa kimya?" Tumejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, sasa tuongelee hicho kidoti.

Satelaiti iliyokufa haitumi chochote. Inaonekana tu pale rada au darubini inapoinasa ikipita, vipimo vinakusanywa alafu vinabanwa kwenye mistari miwili ya namba, kila mstari una nafasi 69 (kila namba, herufi au pengo ni nafasi moja). Apu yako inachukua hiyo mistari na kupiga hesabu ya wapi satelaiti *inatakiwa* kuwa sasa hivi. Hakuna kamera inayoifuata huko juu, jamani.

Apu nyingi zinakuonyesha hiyo mistari ukiitafuta, ifungue uone. Mstari wa kwanza, nafasi ya 19 mpaka ya 32, ndo tarehe ya vipimo. Ukikuta 24051.50 maana yake mwaka 2024, siku ya 51, yaani tarehe 20 Februari, na ile .50 ni nusu ya siku, saa 6 mchana kwa saa za UTC, yaani saa za pamoja za dunia. Sasa kama wewe umepiga skrinshoti tarehe 27, kidoti chako kimetokana na vipimo vya wiki nzima nyuma, na hii kitu inakimbia karibu kilomita 7.5 kila sekunde, kwahiyo hesabu ikikosea dakika moja tu umeshapotea kilomita 450. Namba nyingine ya kuangalia iko mstari wa pili, nafasi ya 53 kuendelea, ni idadi ya mizunguko kwa siku. Ikipanda, satelaiti inashuka. Watu wanadhani ikishuka inapunguza mwendo, hapana, inazidi kukimbia, na njia yake inakuwa fupi.

Chukua ERS-2 ya shirika la anga la Ulaya. Ilirushwa 1995, ikastaafishwa 2011, wakaishusha kutoka kilomita kama 785 mpaka 573, mafuta yaliyobaki wakayamaliza ili isije ikalipuka, baada ya hapo hakuna aliyeiongoza. Hewa nyembamba ya huko juu ndo iliyomalizia kazi, na ilichukua miaka 12 na ushee, mpaka tarehe 21 Februari 2024 ilipoanguka Bahari ya Pasifiki kati ya Alaska na Hawaii. Jua likichachamaa hiyo hewa inavimba, breki zinakuwa kali, jua likitulia inasinyaa, na satelaiti yenyewe inabiringika, saa ingine inakata hewa kwa ubavu saa ingine kwa uso mzima. Ndo maana makadirio ya kuanguka hukosea hata kwa moja ya tano ya muda uliobaki. Zikibaki saa 10, ni saa 2 mbele au nyuma, na ndani ya saa 2 imeshaizunguka dunia yote na zaidi. Tukisema hatuwezi kutaja nchi, hatufichi kitu!

Na lile swali la "si muiwashe tu iondoke"? Kuna moja iliyowahi kuamka yenyewe, satelaiti ya watu wa redio za ridhaa (wanaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha), AO-7, ilirushwa 1974, ikanyamaza 1981, 2002 ikasikika tena, na inaongea ikiwa juani tu. Hiyo ilikuwa bahati, msiifanye utaratibu.

Ukikuta kipande ardhini, usikiguse, tenki linaweza kuwa na haidrazini ambayo ni sumu. Piga picha kwa mbali, andika saa na mahali, toa taarifa polisi, usikiuze chuma chakavu. Kipande hakijawa chako kwa sababu kimeangukia shambani kwako, mkataba wa anga wa 1967 unasema kinabaki mali ya mwenye satelaiti. Fidia inafuata mkataba wa 1972: nchi iliyorusha inalipa madhara ya ardhini bila kuulizwa kosa ni la nani, ila madai yanapelekwa na serikali kwa njia ya kidiplomasia, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja, na mkishindwa kuelewana mwaka mwingine ukapita, upande wowote unaweza kuomba tume ya watu watatu. Satelaiti ya Wasovieti, Kosmos 954, ilipomwaga vipande vya mionzi Kanada mwaka 1978, Kanada ilidai dola zake kama milioni 6, Wasovieti wakakubali kulipa milioni 3 mwaka 1981.

Kwa hiyo kabla hujatuma skrinshoti nyingine, hakikisha mstari wa kwanza unasomeka, usiukate.