Goti linauma, kumbe nyonga imeteleza

Mama mmoja kutoka Rungwe alikuja kliniki kwangu hapa Mbeya na bahasha ya picha tatu za eksirei. Zote za goti la mwanawe wa miaka 13, na zote hazina kasoro. Kijana alikuwa akichechemea mwezi wa nne sasa. Alishachuliwa, alishameza dawa za maumivu, alishaambiwa kaumia kwenye mpira.

Nilimlaza chali nikalikunja paja lake kuelekea tumboni. Badala ya goti kuja kifuani, mguu wote ulijipindua kwa nje.

"Mama, tupige picha ya nyonga."

"Lakini daktari, nyonga haimuumi."

Wengi husema hivyo. Neva za nyonga hufika pia gotini, basi maumivu huzaliwa juu yakasikika chini. Mtoto wa miaka 10 hadi 16 anayelalamikia goti au paja haondoki kwangu kabla sijamkagua nyonga.

Aliyewahi kununua uyoga kando ya barabara msimu wa mvua ananielewa upesi. Kichwa cha fupa la paja ni kofia ya uyoga, shingo ya fupa ni shina, na kati yao, kwa anayekua, kuna gegedu ambalo fupa hurefukia hapo. Wakati wa kubalehe gegedu hilo hudhoofika. Uzito ukilielemea, shina husogea mbele na juu, kofia ikabaki ndani ya kikombe chake, imeangukia nyuma. Watoto wanene ndio hupatwa zaidi. Akija mwembamba, au aliye chini ya miaka 10, naagiza vipimo vya homoni na figo. Na huku kwetu, ambako wazee bado wanakumbuka marovu ya enzi za kabla ya chumvi yenye madini joto, tezi ya shingo, ambayo nayo hutoa homoni, siisahau.

Kabla ya kisu nina swali moja: anaweza kukanyaga, hata kwa magongo? Daktari wa mifupa Loder wa Marekani na wenzake walionyesha uzito wa swali hili mwaka 1993. Kati ya nyonga 30 za watoto wasioweza kukanyaga, 14 zilikufa kichwa kwa kukosa damu. Kwa walioweza, hakuna hata moja.

Anayeweza, mara nyingi skrubu moja inamtosha. Kofia siivuti irudi mahali pake. Naifunga pale pale ilipo. Wazazi hili huwasumbua, nami nawaelewa, lakini mishipa midogo inayolisha kichwa hupanda ikiwa imelala juu ya shingo, na ukilazimisha fupa lirudi unaweza kuichana. Mtoto akiwa kwenye nusu kaputi, napitisha waya mwembamba kwenye tundu dogo la ngozi huku nikitazama mashine ya eksirei, kisha skrubu yenye uwazi katikati inafuata waya huo hadi katikati ya kichwa. Kinachonichukua muda ni ncha. Ikichungulia ndani ya kiungo itaparua gegedu la kiungo kila hatua mtoto anayopiga, kwa hiyo nauzungusha mguu huku na huku mbele ya mashine mpaka niridhike.

Asiyeweza kukanyaga ni dharura. Asisimamishwe tena, asichuliwe, abebwe amelala. Huyo tunamfungua mapema, tunaitoa damu iliyojaa kwenye kiungo, na kwa kawaida anahitaji skrubu mbili. Upo pia upasuaji mkubwa uliokuzwa na daktari wa upasuaji Ganz kule Bern, Uswisi: nyonga inatolewa kikombeni na kichwa kurudishwa juu ya shingo huku mishipa ikilindwa. Unataka mikono iliyouzoea, nami wa namna hiyo namwandikia rufaa.

Walioteleza sana, kofia ikiwa imeinama zaidi ya digrii 50 kwenye picha, huweza kubaki na mguu uliopinduka, hata kuchuchumaa ni shida. Hao baadaye fupa hukatwa chini ya shingo, likageuzwa, likafungwa kwa bamba.

Kijana wa Rungwe hakufikia digrii 30. Alipata skrubu moja, magongo wiki sita. Mama akaniuliza kuhusu nyonga ya pili, swali zuri, maana kwa watoto wengi nayo huteleza. Wenye ugonjwa wa homoni naifunga siku hiyo hiyo. Wa kwake vipimo vilikuwa safi, tukakubaliana kuiangalia: picha kila baada ya miezi mitatu mpaka gegedu la ukuaji ligeuke fupa, na goti lolote likiuma katikati, asisubiri tarehe.