Msongamano Sekondari Msingi: Anayehamishwa Ahame na Rekodi Zake

Malalamiko yanayofika katika ofisi za elimu nchini Kenya kuhusu sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ni mawili, na mara nyingi hutoka shule moja: darasa limefurika, na mtoto wangu asihamishwe. Yote mawili yana msingi. Ila hayatatuliwi kwa harambee ya madawati.

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unataja darasa la mita 7.5 kwa 5.85. Humo wanatosha wanafunzi 30 kwenye madawati ya mtu mmoja, au 40 kwenye madawati ya watu wawili. Wakiwa 65, njia ya katikati huziba, mwalimu hawafikii wa nyuma, na moto ukizuka mlango mmoja hautawatoa upesi. Vyoo navyo ni matundu 4 kwa wanafunzi 30 wa kwanza, kisha tundu 1 kwa kila 30 hadi wafike 300. Shule ya wanafunzi 300 inahitaji matundu 13. Dawati haliongezi ukuta wala choo, na hili tumelieleza mara nyingi.

Kugawa gredi iwe mikondo miwili husaidia iwapo kuna chumba na mwalimu. Bila mwalimu wa ziada, yule yule wa Sayansi Jumuishi hubeba vipindi maradufu.

Shule jirani ikiwa na nafasi, Gredi ya 7 ndiyo ihamishwe kwanza, kwa kundi, kabla muhula wa kwanza haujaanza. Gredi ya 9 iachwe. Umbali upimwe kwa njia wanayopita watoto kwa miguu, pamoja na kivuko kinachojaa maji msimu wa mvua. Ramani haionyeshi hayo. Na kwa kuwa sekondari msingi iko ndani ya shule za msingi, kaka mkubwa akihamishwa, mdogo wake wa Gredi ya 2 hukosa wa kumvusha barabara. Wazazi wanaolitaja hili wasikilizwe, na majina ya ndugu yaandikwe kabla orodha haijafungwa.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo mambo huharibika. Mwalimu mkuu wa shule mpya anathibitisha nafasi kwa maandishi. Shule ya zamani inamwachilia mwanafunzi katika NEMIS, mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi, ambao unarithiwa na KEMIS. Shule mpya inampokea kwa nambari yake ile ile ya utambulisho (UPI). Asisajiliwe upya kama mgeni: jina litatokea mara mbili na marekebisho yatachukua muda. Akiketi shule mpya huku jina limebaki ya zamani, mgao wa serikali wa shilingi 15,042 kwa mwaka utaendelea kuhesabiwa kule alikotoka.

Nambari ya tathmini ya KNEC, baraza la mitihani, nayo haibadiliki. Matokeo ya mwisho wa Gredi ya 9 hujumlisha KPSEA (tathmini ya Gredi ya 6) asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA (tathmini ya Gredi ya 9) asilimia 60. Kuhama hakufuti alama. Kinachozipoteza ni shule ya zamani kutopakia alama za tathmini ya shuleni, au mpya kumtafuta kwa jina badala ya nambari. Mzazi aombe kuonyeshwa kwamba alama zimepakiwa kabla ya kuchukua barua ya kuhama.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtoto kukataliwa kwa kukosa uthibitisho wa umri. Karo ya masomo pia haitozwi katika shule ya umma. Akitakiwa kulipa ndipo apokewe, mzazi aandike tarehe, kiasi na cheo cha aliyedai, kisha apeleke malalamiko kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo.

Kuwafungia watoto nyumbani kama njia ya kupinga uhamisho ni kosa. Kifungu cha 30 cha sheria hiyo kinampa mzazi jukumu la kuhakikisha mtoto anahudhuria shule. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Pingamizi liandikwe na lipelekwe kwa Bodi ya Usimamizi ya shule, nakala kwa afisa wa elimu, huku mtoto akiendelea na masomo pale alipo.