Posti-panki: dhana potofu kuhusu orodha ya "lazima usikilize"

Ukipekua mitumba, hukosi kuiona: fulana nyeusi yenye mistari myeupe inayopanda na kushuka. Muuzaji mmoja aliniapia kuwa ni milima ya Ulaya. Kumbe ni mawimbi ya redio ya pulsa CP 1919, nyota iliyogunduliwa Cambridge mwaka 1967, mpigo mmoja umechorwa juu ya mwingine. Mchoro ulitolewa kwenye ensaiklopidia ya astronomia ukawa jalada la Unknown Pleasures, albamu ya 1979 ya bendi ya Kiingereza Joy Division. Fulana imetembea kuliko nyimbo zenyewe, na dhana za posti-panki zimetembea nayo. Posti-panki ni muziki uliochipuka Uingereza na Marekani kati ya 1978 na 1984 hivi, ukitokana na panki, roki ya kelele na uasi. (Panki ya kwa kinyozi ni ya ukoo huohuo.)

"Panki ilikufa kwanza, ndipo posti-panki ikazaliwa."

Jina ndilo linalopotosha. Jarida la Sounds la London lilikuwa likizungumzia muziki wa "baada ya panki" Novemba 1977, wiki chache tu baada ya albamu ya Sex Pistols, bendi ya panki ya London, kuingia madukani. Na huko Cleveland, Marekani, bendi ya Pere Ubu ilitoa singo yake ya kwanza 1975, Waingereza hawajaanza hata kuchana mashati.

"Kizuri chajiuza, orodha ilijipanga yenyewe."

Hii ndiyo inayonikera zaidi. Mwanzoni walinzi wa mlango walikuwa majarida ya kila wiki, NME, Sounds na Melody Maker. Closer ya Joy Division ilitajwa na NME kuwa albamu ya mwaka 1980, miezi michache baada ya mwimbaji Ian Curtis kujiua, na msiba ule ukawa sehemu ya namna bendi inavyosikilizwa hadi leo.

Halafu mengi yakasahaulika. Albamu ya kwanza ya The Raincoats, bendi ya wanawake wa London, ilitoka 1979 kisha ikaadimika madukani. Kurt Cobain wa Nirvana aliitafuta kwa udi na uvumba, na ilipochapishwa upya 1993 maelezo ya ndani aliyaandika yeye. Leo haikosi kwenye orodha. Ubora wake ulikuwa uleule miaka yote hiyo. Kilichobadilika ni mtu aliyeisemea.

Miaka ya 2000, bendi za Interpol na Franz Ferdinand zilipoanza kuvuma, watu wakauliza sauti hii imetoka wapi. Mwaka 2005 mkosoaji wa muziki Simon Reynolds akatoa kitabu kinene cha historia ya posti-panki, kizuri kwelikweli, na mipaka yake ikawa mipaka ya kila mtu. Hata mimi hapo juu nimeandika 1978 na 1984 bila kufikiri: miaka hiyo imo kwenye jina la kitabu chake.

"Ni muziki wa vijana weupe wenye huzuni na makoti marefu."

Picha ndizo zinazosema hivyo, sikiliza besi. Aliyezirekodi albamu Cut ya bendi ya The Slits, na Y ya bendi ya The Pop Group, zote za 1979, ni Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados na fundi wa rege na dabu (rege iliyobaki besi, ngoma na mwangwi). Mwimbaji John Lydon alipoachana na Sex Pistols mapema 1978 alikwenda Jamaika, na albamu Metal Box ya bendi yake mpya PiL imejaa besi ya dabu. Nao ESG, wasichana wa familia moja kutoka South Bronx, walirekodiwa na Martin Hannett, mtayarishaji yuleyule wa Joy Division.

"Afrika Mashariki haimo humo."

Imo, tena kwa kishindo. Mwaka 1967 Wafaransa walirekodi wapiga ngoma wa Burundi. Mwaka 1971 mtu aliyejiita Mike Steiphenson akaongezea piano na magitaa juu ya rekodi hiyo, akaitoa kama "Burundi Black". Mwishoni mwa 1979 mwimbaji wa London Adam Ant alimlipa Malcolm McLaren, aliyekuwa meneja wa Sex Pistols, pauni 1,000 amshauri, na miongoni mwa aliyopewa asikilize ni ngoma hizo. McLaren naye akamnyang'anya wanamuziki wake, akaunda bendi ya Bow Wow Wow juu ya mdundo uleule. Adam akatafuta wengine, safari hii na wapiga dramu wawili, na Kings of the Wild Frontier ya 1980 ikawa albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza mwaka 1981.

Albamu Remain in Light ya Talking Heads, bendi ya New York, iliyochota kwa Fela wa Nigeria, imo karibu katika kila orodha ya wakosoaji. Ya Adam ni nadra. Nadhani kosa lake ni kupendwa na watoto wa shule. Reynolds, kwa haki yake, aliipa nafasi kitabuni. Ama wapiga ngoma wenyewe, jina walilobakiziwa kwenye rekodi ni la nchi yao tu.