Kupungua kwa uwezo wa akili uzeeni na uhusiano wake na hatari ya kifo

Kupungua kwa uwezo wa akili uzeeni ni hali ambayo mtu mwenye umri mkubwa hupoteza, kwa kiasi kinachoweza kupimika, sehemu ya uwezo aliokuwa nao wa kukumbuka, kufikiri, kupanga mambo, kutumia lugha au kujua yupo wapi na leo ni siku gani. Anayelinganishwa naye ni yeye mwenyewe alivyokuwa miaka iliyopita, wala si jirani au ndugu yake. Mzee ambaye tangu ujana wake hakuwa hodari wa hesabu hajapungukiwa na chochote akishindwa kujumlisha leo. Lakini mwanamke aliyeendesha genge kwa miaka mingi akiwa na madeni ya wateja wote kichwani, kisha akaanza kurudisha chenji pungufu au kumdai mtu aliyekwisha kulipa, ana badiliko linalostahili kuchunguzwa. Kusahau jina la mtu likarudi baada ya muda ni jambo la kawaida katika umri huo. Hali huitwa demensia pale upungufu unapofikia kiwango cha kumzuia mtu kuendesha shughuli zake za kila siku bila msaada.

Uhusiano wa upungufu huu na hatari ya kifo umeonekana katika tafiti nyingi zilizowafuatilia wazee kwa miaka mingi: kwa wastani, wale ambao uwezo wao wa akili unashuka hufariki mapema kuliko wenzao wa rika moja ambao uwezo wao umetulia, hata baada ya kuzingatia tofauti za umri, jinsia, elimu na maradhi yanayojulikana. Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Kleemeier, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1962, baada ya kuwapima wanaume wazee 13 mara kwa mara katika kipindi cha takriban miaka 12. Aligundua kwamba alama za wale waliofariki zilikuwa zimeshuka kwa kasi zaidi kabla ya kifo chao, na tangu hapo wataalamu wamekuwa wakizungumzia mporomoko wa akili wa mwisho wa maisha.

Ushahidi wa kina zaidi ulitoka Chicago, kwa watawa. Tangu mwaka 1994, masista, mapadre na mabruda wa Kikatoliki wamekubali kupimwa akili kila mwaka na kutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Robert Wilson na wenzake walipochambua matokeo hayo mwaka 2003, waliona kwamba kwa wale waliofariki uwezo wa akili ulianza kushuka kwa kasi, kwa wastani, miezi 43 hivi kabla ya kifo, na kasi hiyo ilikuwa zaidi ya mara sita ya ile ya awali. Fundisho kubwa la utafiti huo, kwa maoni yangu, ni kwamba mwendo una uzito kuliko kiwango. Alama ya chini iliyobaki palepale kwa miaka mitano inaweza kuwa na maana ndogo kuliko alama nzuri iliyoshuka ghafla ndani ya mwaka mmoja. Msamiati, kwa mfano, kwa kawaida huhimili uzee vizuri sana, kwa hiyo mzee aliyekuwa msemaji mzuri akianza kupotewa na maneno aliyoyatumia maisha yake yote, dalili hiyo isipuuzwe.

Kwa nini akili na uhai vishuke pamoja? Njia ya kwanza ni kwamba ugonjwa wa ubongo wenyewe huua. Alzheimer na magonjwa yanayofanana nayo, yakifikia hatua za mwisho, humnyima mgonjwa uwezo wa kutembea na hata wa kumeza sawasawa, hivyo chakula au mate huingia kwenye mapafu na kusababisha nimonia. Shirika la Afya Duniani linaiweka demensia katika nafasi ya saba miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo duniani. Njia ya pili ni asili ya pamoja: shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo huharibu mishipa midogo ya ubongo wakati uleule yanapoharibu figo na moyo, kwa hiyo akili inayofifia huwa inaonyesha hali ya mwili mzima.

Njia ya tatu ndiyo inayogusa familia zaidi, kwa sababu hupita katika mambo madogo ya nyumbani. Mzee anameza vidonge vya presha asubuhi, anasahau, anameza vingine saa nne, na jioni anaanguka kwa kizunguzungu na kuvunjika nyonga. Mwingine ana sukari lakini hakumbuki kama amekula. Mwingine ana maumivu ya kifua na hana tena maneno ya kuyaeleza, kwa hiyo anapofikishwa hospitali ugonjwa umekwisha kwenda mbali. Katika matukio ya namna hii cheti cha kifo kitataja mfupa, sukari au moyo, ilhali mlolongo wote ulianzia kwenye kumbukumbu.

Takwimu hizi ni za makundi, na hakuna kipimo cha akili kinachoweza kumwambia mtu fulani amebakiwa na miaka mingapi. Wapo wanaoishi na demensia zaidi ya miaka kumi. Aidha, upungufu unaokuja polepole usichanganywe na mtu kuchanganyikiwa ghafla. Mzee aliyekuwa mzima jana na leo hajui yuko wapi, anaona vitu visivyokuwepo au anasinzia katikati ya mazungumzo, ana dharura ya kitabibu. Huenda ana malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, madhara ya dawa mpya au damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Mengi ya haya yanatibika, na kusema kwamba ni uzee tu kumewanyima wazee wengi matibabu hayo.

Upimaji wenyewe una mtego wake. Kipimo kilichoenea sana duniani, chenye alama 30, kilitungwa Marekani mwaka 1975, nacho humtaka mtu aandike sentensi, achore maumbo na atoe saba kutoka mia mara kadhaa. Bibi ambaye hakwenda shule hupoteza alama kabla hata ya kumbukumbu yake kuguswa. Ndiyo sababu watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kisichohitaji kalamu: mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, huulizwa leo ni siku gani, hueleza daraja ni nini, na baada ya muda hukumbuka maneno aliyosomewa. Utafiti uliofanywa huko kwa watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi ulikadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na demensia, na hivyo kuondoa dhana kwamba ugonjwa huu hauwapati wazee wa vijijini Afrika.

Mazingira nayo huongeza hatari. Mtu mwenye demensia hutangatanga usiku, huzungumza peke yake, na pengine hukutwa alfajiri kwenye boma la watu asijue alifikaje. Katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi kukiwa na ugomvi wa ardhi nyuma yake, na mienendo kama hiyo ni rahisi kugeuzwa ushahidi dhidi yao. Hakuna ubishi kwamba kumweleza jirani mapema kuwa mzee wetu anaumwa ugonjwa wa kusahau ni sehemu ya ulinzi wa uhai wake.

Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 vihatarishi 14 vinavyoweza kurekebishwa, vikiwemo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, upweke na upungufu wa kusikia au kuona usiotibiwa, na kukadiria kwamba kuvidhibiti kungeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya demensia duniani. Anayempeleka mzee kituo cha afya afike na dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba, na aweze kueleza badiliko lilianza lini, lilikuja ghafla au polepole, na ni kazi ipi mzee aliyokuwa akiifanya mwaka jana ambayo sasa imemshinda.