Mwekezaji wa Kigeni Si Mkopeshaji, Wala Si Mfadhili

Tangu habari za eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu, Mombasa, linalotoa nafuu ya kodi kwa wawekezaji, zianze kuvuma, malalamiko yanayotufikia ni yale yale: wageni wanaletwa, mbona mfuko wa mtu wa Likoni haujanona? Swali ni la haki, lakini aghalabu huchanganya mambo.

Reli ya SGR, ile ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, si uwekezaji wa China. Ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya nchi hiyo. Kituo cha pili cha makontena bandarini nacho ni mkopo, wa Japani. Mkopo hulipwa na Mkenya, faida ipatikane isipatikane. Uwekezaji wa moja kwa moja ni mgeni kutia mtaji wake katika kampuni na kushika angalau asilimia 10 ya kura za wenyehisa, na hasara ikija ni yake. Haya tumeyaeleza barazani mara nyingi, na bado tunaulizwa deni la wawekezaji litaisha lini.

Je, mtaji huo hukuza uchumi? Hukuza, kwa masharti. Wanauchumi Borensztein, De Gregorio na Lee walichunguza nchi 69 zinazoendelea, na mwaka 1998 wakaonyesha kwamba faida hutegemea kiwango cha elimu cha wenyeji: fundi asiyeweza kuishika teknolojia ya mgeni hataondoka nayo. Sharti jingine ni manunuzi ya ndani. Kiwanda cha nguo kikiagiza kitambaa, uzi hadi vifungo kutoka ng'ambo, kinachobaki Changamwe ni mishahara tu. Si haba, lakini ndiyo hiyo.

Dai la kwamba wawekezaji "hawalipi kodi" nalo halijakaa sawa. Kampuni ya EPZ, yaani eneo la kutengeneza bidhaa za kuuza nje, husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10, kisha hutozwa asilimia 25 kwa miaka 10 mingine. Kampuni ya eneo maalumu la kiuchumi hutozwa asilimia 10 kwa miaka 10 ya mwanzo, halafu asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata.

Kubwa linalotusumbua ni ardhi. Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hati ikiandikwa kuwa ni milki ya kudumu, sheria huihesabu kama ukodishaji wa miaka 99. Kampuni huhesabiwa raia ikiwa tu hisa zote ni za raia. Mgeni mwenye hisa moja anatosha kuivunja hesabu. Amana, yaani mali inayoshikwa na mtu mmoja kwa niaba ya wengine, nayo ni vivyo hivyo: wanufaika wote wawe raia. Kwa hiyo ndugu yetu anayeweka jina lake kwenye shamba la mgeni ili "asaidie" hajakwepa chochote. Shamba la kilimo lina kizuizi zaidi: bodi ya udhibiti wa ardhi haitoi idhini likiuzwa kwa asiye raia, na mauzo bila idhini ni batili. Kabla ya kutia sahihi, fanya upekuzi wa hati kwa msajili wa ardhi, si kwa dalali.