Moare kwenye filamu za televisheni: tafuta chanzo kabla ya kufuta

Filamu zilizopigwa kutoka kwenye kioo cha televisheni, zile za kineskopu, ndizo sumbufu kuliko zote ukizihamishia kwenye kompyuta. Mistari ya televisheni imegandia ndani ya picha, na ikikutana na safu za pikseli huzaa moare: mawimbi mapana yanayopanda na kushuka.

Anza kwa kutazama picha katika ukubwa wa 100%. Programu ikiibana ili ienee kwenye skrini, huweza kuleta moare ambayo haimo kabisa kwenye faili. Kisha sogeza fremu moja moja huku ukikodolea macho ukingo wa filamu. Michirizi ikitikisika sawasawa na ukingo, imo kwenye filamu. Ikitulia palepale huku filamu ikicheza, lawama ni ya skana. Ikiruka mbali kuliko filamu ilivyosogea, hapo ni mgongano wa mistari na pikseli.

Mgongano huo hauna chujio la kuuponya vizuri. Mfumo wa televisheni wa mistari 625 huonyesha takriban 576. Ukiskani kwa kimo cha pikseli 1080, kila mstari unapata pikseli 1.875, ilhali unahitaji zaidi ya 2. Skani upya. Mimi nashauri pikseli 4 kwa mstari, yaani picha yenye kimo cha 2304.

Sasa mistari ni safi na inaondoleka. Kwenye ImageJ, programu ya kuchambua picha, fungua fremu, nenda Process, FFT, FFT, hesabu inayogeuza picha kuwa ramani ya ruwaza zinazojirudia. Programu hupanua picha hadi mraba wa 4096, kwa hiyo mistari inayojirudia kila pikseli 4 itaonekana kama nukta mbili angavu, pikseli 1024 juu na chini ya kitovu. Zipake duara dogo jeusi, kisha Inverse FFT ili kurudisha picha. Kitovu usikiguse, kinabeba mwangaza wa picha nzima. Duara likizidi ukubwa, kingo kali zitaota mwangwi. Filamu ikiyumba juu na chini nukta hazihami, ndiyo maana chujio moja hufaa fremu nyingi, ila filamu iliyosinyaa huzisogeza. Punguza ukubwa wa picha baada ya kuchuja, kamwe si kabla.

Tunza pia skani ghafi. Baadhi ya filamu nyeusi-nyeupe za vipindi vya rangi vya Uingereza zina vinukta vidogo vilivyoachwa na mawimbi ya rangi ya PAL, mfumo wa televisheni ya rangi. Vinaonekana kama uchafu, lakini ndivyo vilivyotumika kurudisha rangi za kipindi kimoja cha tamthilia ya vichekesho Dad's Army, kikarushwa na BBC mwaka 2008.