Ukuta unaoyeyuka mchana lazima ugande usiku

Tia kipimajoto kwenye maji yenye barafu, ukoroge, uangalie. Barafu inazidi kupokea joto, lakini kipimo hakibanduki karibu na nyuzi 0 mpaka kipande cha mwisho kiyeyuke. Kilo 1 ya barafu humeza kilojuli 334 kwa kuyeyuka tu. Hilo ndilo joto fiche, na ndilo linalotumika katika nyenzo za ujenzi zinazoyeyuka na kuganda ili kutuliza vyumba.

Barafu yenyewe haifai ukutani. Kinachotakiwa ni kitu kinachoyeyuka pale mtu anapoanza kuhisi joto, baina ya nyuzi 22 na 28 hivi. Zipo nta za parafini za kiwango hicho, zipo asidi za mafuta, na zipo chumvi zenye maji ndani ya fuwele zake. Nta hufungiwa ndani ya vidonge vya plastiki visivyoonekana kwa macho, kisha vikachanganywa na jasi ya bodi za dari na kuta. Chumvi hutiwa kwenye mifuko au bamba zilizozibwa.

Hesabu yake inavutia. Mtu aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi. Kwa saa 8 ni kilojuli 2,880. Kilo 1 ya parafini ikiyeyuka humeza takriban kilojuli 200, hivyo kilo 15 zinatosha kumeza joto la mtu huyo kwa siku nzima ya kazi. Zege ikitakiwa kufanya kazi hiyo hiyo bila kupanda zaidi ya nyuzi 4, zitahitajika kilo 800. Ndiyo maana nyenzo hizi zinafaa zaidi majengo mepesi ya mbao, bati au bodi. Mwenye kuta nene za mawe tayari ana ghala lake la joto, na simshauri atumie fedha zake huku.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka mno: usiku. Nyenzo hii haitengenezi ubaridi. Inachukua joto la mchana na kulishikilia, na isipolitoa usiku, kesho yake haina nafasi ya kupokea jingine. Tena nyenzo iliyoandikwa nyuzi 26 haiyeyuki yote kwenye nyuzi 26 kamili. Huanza chini kidogo, na mara nyingi huganda kwenye joto la chini zaidi ya lile la kuyeyukia. Kwa hiyo hewa ya usiku iwe baridi kuliko hapo kwa nyuzi kadhaa, na iweze kuifikia bodi kupitia madirisha yaliyo wazi au feni. Pale ambapo usiku joto halishuki, bodi hubaki mzigo tu ukutani. Kabla ya kuulizia bei, pata kwanza vipimo vya joto la usiku la mahali pako, hasa miezi ya joto kali.

Udumifu nao uulizwe. Mwaka 1948, huko Dover, Massachusetts, mwanasayansi Mária Telkes na msanifu majengo Eleanor Raymond walikamilisha nyumba iliyopashwa joto la jua kwa kutumia sodiamu salfeti yenye maji, inayoyeyuka kwenye nyuzi 32. Ilifanya kazi, lakini baada ya majira machache ya baridi chumvi ilijitenga, yabisi ikatuama chini na maji yakabaki juu, na vyombo vikavuja. Siku hizi chumvi huongezewa viungo vya kuzuia hali hiyo, lakini dai matokeo ya majaribio ya kuyeyusha na kugandisha mara maelfu. Parafini haijitengi, ila inaungua: usiikubali bila cheti cha majaribio ya moto.

Wakati wa kufunga, usiweke kabati mbele ya bodi wala usiifunike kwa dari ya pili, kwani hewa ya chumba ndiyo inayoiletea na kuiondolea joto. Bodi ya jasi yenye vidonge vya nta hukatwa kwa msumeno na kupigiliwa misumari kama kawaida. Bamba la chumvi likitobolewa, limeharibika.